Kamera Tunazo Tayari

Siku hizi mchoraji wa penseli akitaka kujua kama amefuzu, awe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, husubiri aulizwe swali moja: hii ni picha au mchoro? Akishaulizwa hivyo hana sifa nyingine ya kutafuta. Kazi yake huiweka mtandaoni pamoja na vielelezo vyake: aina za penseli, ukubwa wa karatasi na, juu ya yote, idadi ya saa. Saa 80. Saa 120. Video iliyoharakishwa inauonyesha mkono ukilijaza shavu la mwanamuziki maarufu kitundu kwa kitundu cha ngozi, tone kwa tone la jasho, na mwishoni ile picha iliyonakiliwa inasogezwa kando ya karatasi ili tulinganishe. Tunalinganisha, hatuoni tofauti, tunashangilia. Mwenzake aliyemchora muuza kahawa kwa dakika tano, kwa penseli iliyobaki urefu wa kidole, anaambiwa: "Si mbaya. Sasa malizia."

Hilo "malizia" ndilo ninalogombana nalo. Nadai kwamba mchoro wa uso uliochorwa upesi, mbele ya mtu anayepumua, anayegeukageuka na anayetaka kwenda zake, hueleza mambo ambayo mchoro wa saa 100 ulionakiliwa kutoka kwenye picha hauwezi kuyaeleza hata ukiongezewa saa 100 nyingine. Tena uwezo huo unazaliwa na uharaka wenyewe. Mnyang'anye mchoraji haraka yake, umempokonya na jicho.

Wanaoshikilia upande wa pili si wajinga. Hoja zao ni mbili. Ya kwanza ni kufanana: pua ya mtu ina urefu wake na jicho lina mahali pake, kwa hiyo aliyepatia vipimo ndiye aliyempatia mtu. Ya pili ni jasho: kazi ya dakika tano ni rasimu tu, maandalizi ya kitu ambacho mchoraji hakuwa na subira ya kukifikisha mwisho. Methali nayo wanayo, haraka haraka haina baraka, na mimi ningeweza kuwarudishia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, tukatoka sare. Tuziache methali, tuangalie nyuso.

Nianze na hiyo picha inayofanywa hakimu. Picha ya simu iliyopigwa kwa umbali wa mkono hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Wengi wetu tukijiona kwenye selfi hudhani tumeonewa, na kweli tumeonewa. Inakamata sehemu ndogo ya sekunde, hali ambayo hakuna jicho la binadamu lililowahi kuiona ikiwa imesimama: kope zimeshuka nusu, mdomo uko njiani kati ya neno na neno. Anayeinakili picha hiyo kwa uaminifu ananakili na makosa yake, na kadiri anavyoyanakili kwa ustadi ndivyo yanavyozidi kuvaa sura ya ukweli. Vipimo amevipatia, sikatai. Ni vipimo vya lenzi.

Wala sisi wenyewe hatuutazami uso namna hiyo. Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovyeti ambaye kitabu chake kuhusu mwendo wa macho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, aliwaonyesha watu picha ya uso na kurekodi macho yao yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye macho na mdomo, yakarudi kwenye macho, yakarudi tena mdomoni. Mashavu na paji la uso yalipitwa tu. Yule mchoraji aliyemaliza wiki nzima akiyahesabu matundu ya ngozi shavuni alikuwa anashughulika na sehemu ambayo mtazamaji hana haja nayo, na huenda anaitazama leo kwa sababu tu ameambiwa imechukua wiki nzima.

Kuna ushahidi mwingine unaowasumbua zaidi watu wa vipimo. Mwaka 1987 Gillian Rhodes, Susan Brennan na Susan Carey walichapisha matokeo ya majaribio yao ya kuwatambua watu kwa michoro. Washiriki walionyeshwa michoro ya mistari ya nyuso za watu wanaowafahamu. Mingine ilikuwa sahihi kwa vipimo, mingine kompyuta ilikuwa imeitia chumvi kwa kukuza kile kinachomtofautisha mtu na wenzake. Ile iliyotiwa chumvi ndiyo iliyotambuliwa upesi zaidi. Maana yake ni kwamba kumbukumbu zetu haziweki ramani ya uso. Zinaweka namna uso huo unavyoachana na nyuso nyingine: taya linalotangulia, jicho moja linalochelewa, shingo inayopenda kuinama upande.

Jambo hili, kwa kweli, msomaji wa magazeti wa Afrika Mashariki analijua kuliko mtafiti yeyote. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, alichorea Daily Nation la Kenya kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1992, na hakuna aliyewahi kumwandikia akilalamika kwamba amemkosa waziri fulani kwa milimita tatu. Maddo huko Nairobi na Masoud Kipanya hapa Tanzania wametulea katika shule hiyohiyo. Asubuhi tunafungua gazeti, tunamtambua mbunge kwa mstari mmoja wa kidevu na tunacheka mpaka chai inapoa. Jioni tunaingia kwenye maonyesho ya michoro na kudai vinyweleo. Najua katuni ina shughuli yake, inakusudia kuuma, na mchoro wa uso haukusudii hivyo. Lakini vyote viwili vinakunywa kisima kimoja, na aliyekubali kwamba mstari mmoja unatosha kumtambulisha mtu anapochekwa itabidi anieleze kwa nini hautoshi anapoheshimiwa.

Henri Matisse alilimaliza suala hili kwa penseli yake mwenyewe. Katika insha fupi ya mwaka 1947 alieleza michoro minne aliyojichora. Ukipima, hakuna inayokubaliana na mwenzake: paji la uso linabadilika, taya linabadilika, pua inanenepa hapa na kurefuka pale. Lakini ni mzee yuleyule, mwenye miwani ileile na tahadhari ileile, na hakuna anayeweza kudhani wapo watu wanne. Kinachobaki bila kubadilika, kwa maelezo yake, ni namna viungo vilivyoshikana: pua inavyoota kutoka usoni, sikio linavyokaa kwenye fuvu, taya linavyoning'inia. Hayo ni mahusiano, na mahusiano huonekana kwa mtazamo mmoja wa jumla. Ukienda nayo sentimita kwa sentimita yanakuponyoka, maana kila sentimita inajiona inajitosheleza.

Hapo ndipo penye siri ya dakika tano. Anayechora kwa haraka hawezi kuchukua kila kitu, kwa hiyo lazima achague, na achague sasa hivi. Nimekuwa nikimtazama kijana mmoja anayechora abiria wa pantoni la Kigamboni. Mwendo wa kuvuka ni mfupi mno. Lango likishuka tu, uso umekwenda. Siku moja alimchora mama mwenye ndoo ya samaki. Hakuanza na macho kama tulivyofundishwa shuleni. Alianza na mstari mrefu ulioshuka kutoka nyuma ya kichwa, ukapita shingoni na kuishia kwenye bega lililokuwa limekaza, maana mama alikuwa ameinamia ndoo lakini macho yake yanalisubiri lango. Kisha akaweka kope, nzito, kwa ubavu wa penseli. Kivuli kimoja chini ya shavu. Mdomo hakuuchora, aliweka tu kona yake moja, ile iliyobanwa. Lango likashuka, mama akabeba ndoo yake, akaondoka bila kujua lolote.

Abiria mmoja aliyekuwa anachungulia akasema: "Kaka, huyu mama mbona hana sikio?"

"Hakulitumia," akajibu kijana.

Sijasikia mhadhiri wa sanaa akiliweka vizuri zaidi. Kwenye ile karatasi palikuwa na kusubiri, palikuwa na uzito wa ndoo ambayo haikuchorwa kabisa, na palikuwa na mwanamke ambaye ana shughuli na hana muda wa kutazamwa. Ungemwambia mama huyo akae kwenye kiti kwa saa mbili ungepata mtu mwingine: mtu anayechorwa. Uso ukishajua unatazamwa kwa muda mrefu hujitengeneza, na ukichoka kujitengeneza hulala. Wachoraji wa kuketisha watu studio wanalijua tatizo hili tangu zamani, na baadhi yao wamelikimbia kwa akili kubwa.

Mfano ninaoupenda ni Gian Lorenzo Bernini, na naomba niufafanue, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa karatasi. Alikuwa mchongaji wa marumaru, kazi ya polepole kuliko zote. Mwaka 1665 aliitwa Paris kusanifu jumba la Louvre, na akiwa huko akapewa kazi ya kumchonga Mfalme Louis XIV. Kila mtu alitarajia mfalme aketishwe, atulie, apimwe. Bernini hakutaka aanze hivyo. Alimfuata mfalme kwenye vikao vya baraza na kwenye mchezo wa tenisi, akimchora huku anazungumza, anageuka, anakimbia. Tunayajua hayo kwa sababu mwenyeji wake, Paul Fréart de Chantelou, aliandika shajara ya safari nzima. Imani ya Bernini ilikuwa kwamba mtu aliyesimama kimya hafanani na nafsi yake kama anavyofanana nayo akiwa katika mwendo, na kwamba mdomo ukamatwe ama mtu anapokaribia kusema, ama anapotoka kusema.

Miaka zaidi ya thelathini kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuithibitisha imani hiyo Roma. Kardinali Scipione Borghese alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mpenda mazungumzo. Mchoro wa Bernini wa kardinali huyo, wa chaki nyekundu, upo Morgan Library huko New York: uso wa upande mmoja, kidevu kimejaa, kofia imekaa kwa uzembe kidogo, na kitu fulani kwenye midomo kinachoonyesha sentensi inayofuata iko njiani. Sanamu zenyewe, za mwaka 1632, zipo Galleria Borghese, na ni mbili, kwa sababu jiwe la kwanza lilipasuka kwenye paji la uso ikabidi achonge upya. Zote mbili zina mdomo uliofunguka kidogo. Ule mdomo haukutoka kwenye jiwe wala kwenye kipimo. Ulitoka kwenye karatasi iliyochorwa kardinali akiwa anaongea. Na jambo la ajabu ni hili: Bernini alisema kwamba akishachora vya kutosha huiweka michoro pembeni na kuchonga bila kuitazama, asije akajinakili. Mtu ambaye hakutaka kunakili hata kazi ya mkono wake mwenyewe angesema nini juu ya mchoraji wetu wa saa 100 anayenakili picha iliyopigwa na mtu mwingine, pengine ya msanii ambaye hajawahi kukutana naye?

Mtaniambia Bernini alitumia chaki. Sawa. Lakini penseli ndiyo hasa chombo cha kuwahi. Tangu grafaiti safi ilipochimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 16, na hasa tangu Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza Ufaransa mwaka 1795 kwa kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi, sifa za penseli zimekuwa zilezile: inakaa mfukoni, haina wino wa kumwagika, haihitaji kukauka, na inaitikia uzito wa kidole papo hapo. Bonyeza, mstari unakuwa mweusi; legeza, unakuwa pumzi. Katika mchoro wa haraka uzito huo unabaki pale unapouona: hapa mkono uliona kitu na ukashtuka, hapa uliteleza kwa uhakika, hapa ulisita ukarudia mara mbili, na mstari wa kwanza haukufutwa. Mtazamaji anausoma uso wa aliyechorwa na wakati huohuo anausoma mkono wa aliyechora. Katika mchoro wa saa 100 mkono umefutwa. Kivuli kimepakwa kwa pamba na tishu mpaka hakuna alama ya mtu. Kazi kubwa imefanyika kuondoa ushahidi kwamba kazi imefanyika, halafu idadi ya saa inaandikwa pembeni ili tuamini.

Naomba muutafute, mnaoweza, mchoro wa Käthe Kollwitz wa mwaka 1933, ule uliopo National Gallery of Art mjini Washington. Amejichora kwa mkaa akiwa anachora. Kichwa, cha upande, kimejengwa kwa utulivu. Kiganja kilichoshika mkaa nacho kimejengwa. Lakini mkono wenyewe, kutoka bega hadi kiganja, si mkono tena. Ni mistari minene inayokwenda mbele na nyuma kwa nguvu. Ukimletea mwalimu wa uhalisia atasema sehemu hiyo haijamalizika. Mimi nasema ndiyo sehemu pekee ambayo isingeweza kuelezwa kwa njia nyingine: nguvu inayotoka kwenye jicho inakwenda karatasini, na inapita hapo. Mwaka huohuo Wanazi walimlazimisha ajiuzulu Chuo cha Sanaa cha Prussia. Chora mkono huo kwa mishipa yake na vinyweleo vyake, kila kimoja mahali pake, uone kitakachobaki.

Hata mchoraji Mfaransa Ingres, ambaye wapinzani wangu wanapenda kumtaja kwa usafi wa mstari wake, hayuko upande wao. Baada ya Napoleon kuanguka mwaka 1815 wateja wake Wafaransa waliondoka Roma, akabaki hana kipato. Akaanza kuwachora wageni kwa penseli, wengi wao Waingereza waliokuja kutembea. Aliidharau kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alibisha hodi akauliza kama hapa ndipo anapoishi yule mtu anayechora nyuso ndogondogo, na Ingres akamjibu kwamba hapana, anayeishi hapa ni mpaka rangi. Dunia haikukubaliana naye. Leo kuna watu wanaozipita picha zake kubwa za rangi ili wafike kwenye zile karatasi. Mtazame mpiga fidla Paganini wa 1819, aliyepo Louvre. Uso umefinyangwa kwa vivuli laini, lakini koti limeguswa kwa mistari michache tu. Ingres alijua mahali pa kuacha. Mnakili wa picha hajui, na hawezi kujua, kwa sababu kwenye picha kifungo cha koti kina haki sawa na jicho. Anakipa kifungo saa tatu.

Sasa jasho. Ni kweli kwamba mchoro wa saa 100 una saa 100. Lakini saa hizo zimefanya nini? Picha inagawanywa kwa miraba, karatasi inagawanywa kwa miraba, na kila mraba unahamishwa kwa zamu. Uamuzi umefanyika mara moja, siku ya kuchagua picha. Kilichofuata ni utekelezaji wake. Ni nidhamu, na naiheshimu kama ninavyoheshimu nidhamu ya mtu anayenakili hati kwa mwandiko mzuri, ila sitamwita mwandishi wa hati hiyo. Katika dakika tano za pantoni kulikuwa na maamuzi yasiyohesabika, kila moja likiwa na hatari yake, na nyuma yake palikuwa na miaka ya karatasi zilizotupwa. Mchoraji James Whistler aliulizwa mahakamani London mwaka 1878 kama kweli anadai gini 200 kwa kazi ya siku mbili. Akajibu kwamba anazidai kwa maarifa ya maisha yake yote. Ukumbi ulimshangilia, ingawa fidia aliyopewa ilikuwa farthing moja tu, yaani robo ya peni, na gharama za kesi zikamfilisi. Wateja wetu bado wako upande wa wale waliopanga fidia hiyo: wanalipa kwa saa, wakidhani wanalipia sanaa.

Lakini wateja nao wana lao, na sitawakwepa. Mwenye kufiwa analeta picha ya baba yake iliyofifia, anataka akuziwe sura ya baba, ambaye hawezi tena kuketi mbele ya mtu. Hapo sina ubishi. Mchoraji anayeinakili kwa upole anafanya huduma, na mchoro wangu wa haraka hauna la kumwambia mfiwa. Ninachokataa ni kuifanya huduma hiyo kuwa kipimo cha kila uso. Ofisini kuna bosi anastaafu. Wamechanga. Wamemtumia mchoraji kwa WhatsApp picha ya pasipoti, ile ambayo bosi aliambiwa asitabasamu na ainue kidevu, na siku ya kuagwa anakabidhiwa, ndani ya fremu ya dhahabu, picha ya pasipoti iliyokuzwa mara 20. Wafanyakazi wamekaa naye miaka mingi. Wanajua anavyovua miwani kabla ya kumkaripia mtu. Hakuna aliyewaza kumwita mchoraji aje akae nusu saa kwenye kikao.

Nao wapo wachoraji wa uhalisia wa kupindukia ambao hawaingii kwenye malalamiko yangu. Arinze Stanley wa Nigeria hutumia mamia ya saa kwa mchoro mmoja, lakini watu wake anawapanga mwenyewe mbele ya kamera yake, anajua anachotaka kusema kuhusu nchi yake kabla hajachonga penseli. Kwake uchaguzi umetangulia. Wanaomwiga wamechukua matone ya jasho na kuuacha uchaguzi.

Na michoro mibaya ya haraka? Ipo tele, nilishakiri moyoni kabla hamjauliza. Kuna mtu anayechora kwa mbwembwe, mistari inaruka ruka, nywele zimekuwa dhoruba, na katikati yake kuna uso wa kawaida usio wa mtu yeyote. Huyo anaigiza haraka. Mara nyingi amechora polepole kutoka kwenye simu, kisha akarushia mistari juu ili ionekane ya moto. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyechapisha kijitabu juu ya nyuso mwaka 1845, alionyesha kwamba uso wowote utakaochorwa, hata uwe wa hovyo namna gani, utakuwa na hisia fulani, huwezi kuizuia. Kwa hiyo kuwa na hisia peke yake hakutoshi. Swali ni kama hisia hiyo ni ya yule aliyekuwa pale au imeangukia karatasini kwa bahati. Mimi nina jaribio langu: naziba macho ya mchoro kwa kidole gumba. Kama mtu bado yupo, kwenye shingo, kwenye kona ya mdomo, kwenye namna kichwa kilivyokaa, basi mchoraji aliona. Kama ametoweka, kulikuwa na macho mazuri tu. Jaribuni hivyohivyo kwenye michoro ya saa 100, mshangae ni mingapi inayobaki na ngozi tu.

Uingereza kuna watu ambao sheria imewalazimisha kuwa upande wangu. Tangu 1925 ni marufuku kupiga picha mahakamani huko, na ni marufuku pia kuchora humo ndani. Mchoraji wa habari anaingia, anamtazama mshtakiwa, anatoka nje na kumchora kwa kumbukumbu kabla gazeti halijafungwa. Vifungo vyote vya koti vimekwisha kusahaulika anapofika mlangoni. Kinachofika karatasini ni kile kilichokataa kusahaulika.

Vijana wanaochora wananiambia kwamba haya ni mazungumzo ya mzee asiyelipa kodi kwa penseli. Soko linataka uhalisia, watengeneze nini? Niwajibu kwa lugha ya soko. Ndani ya simu zao hizohizo kuna programu ambazo ukizipa picha zinakurudishia "mchoro wa penseli" kabla hujameza mate, na vivuli vyake, na chembechembe za karatasi. Bado zina kasoro. Mwaka ujao zitakuwa na chache zaidi. Ujuzi wote uliojengwa juu ya kuhamisha kivuli kutoka mraba hadi mraba unashindana na kitu kisicholala, kisichokula, na ambacho mteja anakipata bure. Kitu hicho hakijawahi kupanda pantoni. Hakijui mama yule alikuwa anasubiri nini.

Kwa waandaaji wa maonyesho na mashindano, basi, nina ombi ambalo halina gharama. Acheni kuandika saa kwenye vibao vya maelezo. Mkitaka kumpata mchoraji bora wa uso, leteni kiti, mleteni bibi mmoja mwenye maneno mengi, mwacheni aongee atakavyo na asimame akitaka. Gaweni karatasi na penseli moja moja. Robo saa. Simu zibaki mlangoni.